KILIO CHA MTU MZIMA

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu alilijua siku ile ile aliyozaliwa, na ambalo watu wazima wengi hujitahidi kulisahau. Jambo lenyewe ni kulia.

Mtoto akilia hakuna ashangaaye. Mama humpakata, humbembeleza, humwuliza ana nini. Lakini mtu mzima akilia, na hasa akiwa mwanamume, mara watu huinamisha macho kwa haya. Mmoja humwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Mwingine humwambia, "Nyamaza, watoto wanakutazama." Basi swali letu la leo ni hili: Je, hao wamwambiao anyamaze wamsaidia, au wamzuilia dawa yake? Tutaona ya kwamba wale wasemao machozi ni udhaifu wamekosa. Tena tutaona ya kwamba wale wasemao machozi peke yake ni dawa, nao hawakufika mwisho wa habari.

Kwanza tuyajue machozi yenyewe. Yako ya namna tatu. Namna ya kwanza ni yale yaloweshayo jicho mchana kutwa pasipo sisi kujua. Kila tupepesapo kope, maji haya hutandazwa juu ya jicho, yakaliosha vumbi na kulizuia lisikauke. Ndani yake mna kitu kiitwacho lisozimu, ambacho huviua vijidudu vingine. Habari za kitu hicho zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1922 na Alexander Fleming, daktari yule yule wa London ambaye mwaka 1928 aligundua penisilini. Namna ya pili ni machozi yatokayo jicho likiudhika, kama vile mpishi akatapo vitunguu, au moshi wa kuni mbichi ujaapo jikoni. Namna ya tatu ni machozi ya moyo: ya huzuni, ya uchungu, ya huruma, na pengine ya furaha, kama ya mzazi amwonapo mwanawe aliyepotea siku nyingi. Hayo ya namna ya tatu ndiyo tutakayoyazungumza.

Machozi yatiririkayo hutoka katika tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje, chini ya mfupa wa paji. Yakisha kupita juu ya jicho huingia katika vitundu viwili vidogo vilivyo penye pembe ya jicho karibu na pua, yakateremka puani. Ndiyo maana mtu aliaye hana budi kupenga. Yakizidi, vitundu hivyo haviwezi kuyapokea yote, ndipo yanapomwagika mashavuni.

Kuna jambo moja la ajabu hapa. Mtoto mchanga katika majuma yake ya kwanza hulia kwa sauti kubwa, lakini machozi hayatiririki. Machozi huja baadaye. Na mtu akisha kuwa mzima, mambo hugeuka: sauti hupungua, machozi husalia. Mtu mzima aweza kulia pasipo kusikiwa na jirani aliye nyuma ya ukuta. Ni yule tu aliyeketi karibu naye auonaye uso wake ndiye ajuaye. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

Sasa, mwili hufanya nini mtu aliapo? Mwanzoni moyo huenda mbio, koo hukaza, pumzi hukatika kwa kwikwi. Kilio kikianza kupoa, pumzi huwa ndefu, moyo hurudia mwendo wake, na mtu hujiona amelegea, kama aliyetua mzigo. Katika mwili wetu iko mishipa ya fahamu ambayo kazi yake ni kuuamsha mwili wakati wa hatari, na iko mingine ambayo kazi yake ni kuutuliza. Hiyo ya kutuliza ndiyo iliyo na sehemu kubwa katika kuiamuru tezi ya machozi.

Wataalamu wamelichungua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1872 Charles Darwin, Mwingereza aliyejulikana sana kwa elimu ya wanyama na mimea, alitoa kitabu juu ya jinsi watu na wanyama waonyeshavyo yaliyo moyoni mwao. Yeye aliona ya kwamba machozi ya huzuni hayakuumbwa kwa kazi maalumu, bali hufuata tu kukazwa kwa nyama za uso. Walakini hata yeye alikubali kwamba kulia humpunguzia mtu uchungu. Tena aliandika ya kuwa wanaume wa Uingereza hulia kwa nadra, lakini katika sehemu nyingine za Ulaya wanaume hutoa machozi kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo twaona ya kuwa kutolia kwa wanaume hakutokani na maumbile peke yake. Desturi ya nchi nayo ina sehemu yake kubwa.

Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1981, mtaalamu wa kemia wa Marekani, William Frey, pamoja na wenzake, walitoa habari za machozi waliyoyakusanya. Waliwaonyesha watu mchezo wa filamu wa kuhuzunisha, wakayakinga machozi yao. Kisha wakawapa watu hao hao mvuke wa vitunguu, wakayakinga tena. Waliona ya kwamba machozi ya huzuni yalikuwa na protini nyingi zaidi kuliko ya vitunguu. Bwana Frey akafikiri kwamba huenda mwili hutoa kwa njia ya machozi vitu vibaya vilivyotokana na mashaka ya moyo, kama vile utoavyo uchafu mwingine kwa jasho na mkojo.

Fikira hiyo ilipendwa na watu wengi, na mpaka leo husikiwa mitaani ya kwamba mtu akilia hutoa sumu. Lakini haikuthibitishwa. Hebu tufikiri wenyewe: machozi ya kilio kimoja ni kidogo sana, na sehemu yake hurudi puani, ikamezwa. Basi tusimwambie mtu kwamba machozi ni kama haluli ya kusafisha tumbo. Faida yake iko mahali pengine.

Mwaka 2015 wataalamu wa Uholanzi, akiwamo Ad Vingerhoets wa chuo kikuu cha Tilburg, walitoa habari za jaribio jingine. Waliwakusanya watu 60, wakawaonyesha filamu mbili za kuhuzunisha. Watu 28 walilia, na 32 hawakulia. Filamu zilipokwisha waliulizwa hali zao. Wale waliolia walikuwa wabaya kuliko walivyokuwa kabla ya kutazama. Wale wasiolia hawakubadilika. Baada ya dakika 20, waliolia walikuwa wamerudia hali yao ya kwanza. Na baada ya dakika 90, walijiona wazuri kuliko walivyokuwa kabla ya kuingia.

Jaribio hili latufundisha subira. Mtu anapolia, na mara tu akisha kulia, huonekana ameharibika: macho yamevimba, kichwa chamwuma, hataki kusema. Aliyekaa karibu hufikiri kwamba kilio kimemzidishia maradhi, akakimbilia kumnyamazisha. Kumbe amehukumu mapema mno. Kilio ni kama mvua ya masika: inaponyesha hakuna aionaye njema, njia zote ni matope, uzuri wake huonekana ikisha kuanuka.

Lakini je, kila aliaye hupata nafuu? La. Mwaka 2008 Jonathan Rottenberg na Lauren Bylsma wa Marekani, pamoja na yule Bwana Vingerhoets, walitoa matokeo ya uchunguzi wa habari za vilio zaidi ya 3000, zilizoelezwa na watu wa nchi nyingi. Wengi walisema kwamba walipata nafuu baada ya kulia. Lakini theluthi moja walisema hawakuona mabadiliko, na mtu mmoja katika kila kumi alisema alizidi kuwa mbaya. Ni nini iliyowatenga hao na hao? Waliopata nafuu zaidi walikuwa wale waliokuwa na mtu wa kuwafariji wakati wa kulia. Na wale walioona haya kwa kulia kwao, faida yao ilikuwa haba.

Hapo ndipo kiini cha maneno yetu. Machozi si dawa ya kunywa peke yako, ukalala ukaamka mzima. Machozi ni wito, na dawa ni yule aitikaye.

Mambo mengine yanathibitisha neno hili. Mwaka 2009 Robert Provine wa Marekani, pamoja na wenzake, walichukua picha za nyuso za watu waliao, kisha wakayafuta machozi katika picha hizo, bila kugusa kitu kingine. Watu walioonyeshwa picha zisizo na machozi waliona huzuni kidogo mno katika nyuso zile zile, na nyingine hawakujua hata zaonyesha nini. Mwaka 2021 zilitolewa habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi 41, kwa watu zaidi ya 7000. Walipoonyeshwa uso wenye machozi, walitaka kumsaidia mwenye uso huo kuliko walipoonyeshwa uso ule ule usio na machozi. Basi twaona sababu ya kilio cha mtu mzima kuwa kimya na chenye maji. Si ukelele wa kuwaita walio mbali. Ni barua ndogo apelekewayo aliye karibu.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani waliposema, "Kilio cha samaki, machozi huenda na maji." Samaki hulia, lakini nani amwonaye? Yumo majini, na machozi yake ni maji ndani ya maji. Watu wengi wazima katika vijiji vyetu ni samaki wa namna hiyo.

Tumfikirie mtu mmoja, wala tusimpe jina, maana yumo katika kila kijiji. Amefiwa na mkewe, amebaki na watoto watatu. Siku ya maziko yeye ndiye anayetafuta sanda, anayewapokea wageni, anayehesabu fedha za chakula. Wazee wamemwambia ajikaze, naye amejikaza. Wanawake wamelia ndani, wakashikana mabega. Yeye amekaa barazani kwenye mkeka, macho makavu. Watu wanamsifu, "Huyu ni mwanamume hasa." Matanga yanaondoka, wageni wanarudi kwao. Usiku wa kwanza wa upweke, watoto wamelala, yeye anatazama kanga iliyotundikwa ukutani. Sasa machozi yanakuja, na hapana mtu. Kesho yake akiulizwa hali, asema, "Salama." Mwezi wa pili haendi shamba. Mwezi wa tatu ameanza kukesha kwenye pombe. Watu wasema, "Amebadilika," wala hawajui ni siku gani alipoanza kubadilika.

Hatusemi ya kwamba angalilia mbele za watu mambo hayo yote yasingalitokea. Twasema ya kwamba walimfungia mlango mmoja uliokuwa wazi.

Watu watatujibu: "Je, mwataka wanaume wawe walizi? Sisi tulifundishwa jandoni kuvumilia kisu pasipo kulia." Nasi tutawajibu kwamba mafundisho hayo yana maana yake. Katika makabila mengi ya Afrika ya Mashariki kijana hufundishwa hivyo ili siku ya hatari asitetemeke akawaponza wenzake. Nahodha akipigwa na tufani hawezi kuuacha usukani akakaa kulia. Lakini chombo kikisha kutia nanga, na baharia mmoja amechukuliwa na bahari, ni nani atakayemwambia nahodha huyo asilie? Ushujaa ni kuyazuia machozi wakati wa kazi. Kuyazuia maisha yote ni kitu kingine.

Tena kuficha hakuondoi. Mwaka 1997 James Gross na Robert Levenson wa Marekani walitoa habari za jaribio ambalo wanawake 180 walionyeshwa filamu, nyingine za kuhuzunisha na nyingine za kuchekesha. Baadhi yao waliambiwa wazifiche nyuso zao, mtu asiweze kutambua wanaona nini moyoni. Waliificha huzuni, lakini huzuni yenyewe haikupungua. Na ile mishipa iamshayo mwili ilizidi kuutumikisha moyo na njia za damu. Mfano wake ni chungu kilichofunikwa juu ya moto: hatuyaoni maji yakichemka, lakini yanachemka vile vile.

Wala dini hazikumkataza mwanamume kulia. Waislamu husimuliwa ya kwamba Mtume Muhammad alitokwa na machozi mwanawe mdogo Ibrahimu alipokuwa akikata roho. Na sahaba mmoja alipostaajabu, alimjibu kwamba machozi hayo ni huruma. Kilichokatazwa ni kujipiga na kurarua nguo kwa kumlaumu Mungu, si machozi. Wakristo nao husoma ya kwamba Yesu alilia alipokwenda kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro. Ikiwa hao walilia hadharani, mbele za wafuasi wao, ni nani kati yetu aliye mkubwa hata aone haya?

Na desturi zetu wenyewe zina hekima kuliko tunavyodhani. Katika lugha yetu neno "kilio" lina maana mbili: ni machozi ya mtu mmoja, tena ni makutano ya watu waliokuja kukaa na mfiwa. Lugha imeyaweka mambo hayo mawili katika neno moja. Twasema pia, "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia." Maana yake, mfiwa aanze, na wengine wamwitikie. Kwenda kulala matanga, kuchota maji, kupika, kuketi tu kimya karibu na mwenye msiba, hayo yote ni kuitika. Ubaya ni kwamba mara nyingi twamwachia mwanamke aanze kilio chake, na mwanamume twamkataza. Kisha wote wawili twawaacha siku matanga yaondokapo, hali siku hiyo ndiyo mwanzo wa shida.

Basi, mtu mzima akilia mbele yako, ufanye nini? Kwanza, usiseme "Nyamaza." Keti. Kama ni penye watu wengi, mchukue taratibu mpaka mahali pa faragha, si kwa kuwa amefanya aibu, bali apate kulia kwa raha. Mpe maji ya kunywa, na maji baridi ya kunawa uso, maana macho huvimba na kichwa pengine huuma. Usifanye haraka kumpa mashauri, wala usianze kumsimulia misiba yako mwenyewe. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, ukimya wako watosha. Atakayoyasema yafiche, maana mtu aliyelia mbele yako akayasikia maneno yake kesho sokoni hatalia tena mbele ya mtu yeyote. Na neno la mwisho ni kubwa kuliko yote: rudi. Rudi baada ya juma moja, rudi baada ya arobaini, umwulize hali, wala usikubali upesi jibu la "Salama."

Na wewe uliye na uchungu, mchague mtu mmoja. Si lazima wawe watu wote. Awe ndugu, mke, mume, shehe, padre, au rafiki mliyekua pamoja. Mtu mmoja akuonaye yatosha kukutoa katika maji ya samaki.

Kabla ya kumaliza, hatuna budi kutoa onyo. Kuna kilio ambacho si cha kuachiwa jirani peke yake. Mtu akiwa na huzuni karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi, akawa halali vema, hali vizuri, hapendezwi na jambo alilolipenda, huyo yawezekana ana ugonjwa uitwao sonona, nao hutibiwa. Apelekwe kwa daktari. Mwanamke aliyejifungua huweza kulia siku za kwanza pasipo sababu iliyo dhahiri. Jambo hilo huwapata wengi na hupita. Lakini likizidi majuma mawili, aende kliniki, wala asiambiwe kwamba hampendi mtoto wake. Na wako wasioweza kulia kabisa, ambao huzuni yao imekauka kama kisima. Hao nao waangaliwe. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 700,000 hujiua ulimwenguni kila mwaka, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Basi mtu akisema amechoka kuishi, msimcheke wala msimkemee. Msimwache peke yake, na mmpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mabibi na mabwana, dawa nyingi hununuliwa kwa fedha, na nyingine hutoka mbali kwa meli. Hii tuliyoizungumza haina bei, wala haiagizwi ng'ambo. Nusu yake iko machoni mwa mwenye uchungu, na nusu ya pili iko kwa jirani yake, katika kuketi naye asiondoke. Nusu moja pasipo nyingine haitoshi.